Vespa PX 150 ikipata moto sailensa inapanda yenyewe: sili, kabureta au nini?

#1 Kijana wa Mkunazini

Wakuu salaam. Naomba msaada kabla sijaitupa baharini hii.

Nina vespa PX 150 ya ami yangu. Ilikaa stoo miaka 11 chini ya turubai, kuku wakitaga kwenye kiti. Tangu Ramadhani naifufua: sakafu imekatwa na kuchomelewa bati jipya, tanki limeoshwa, silinda imechongwa saizi ya kwanza, pistoni na ringi mpya, plagi mpya, kabureta imefunguliwa na kusafishwa. Rangi bado, ina puti huku na huku kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Asubuhi haina neno. Kiki mbili imewaka, sailensa (ule mwendo wa injini nikiwa nimesimama, si ekzosi) imetulia. Shida inaanza ikishapata moto, kilomita kumi hivi. Nikifunga mafuta kwenye usukani injini haishuki. Inabaki juu inalia kama mashine ya kusaga, nikifika mzunguko wa Michenzani watu wote wananigeukia wakidhani nawapigia makelele makusudi. Naikoroga hivyo hivyo mpaka nizime.

Juzi nikaenda nayo Makunduchi. Nimepita Jozani kidogo, ikakaza. Tairi la nyuma likajifunga ghafla, nikabana klachi, nikaserereka mpaka kwenye majani. Nimekaa pale dakika 20 naangaliwa na kima punju, nikapiga kiki, ikawaka kama haikufanya kitu.

Fundi wa kwanza kasema sili, ile mipira ya kuziba krenki. Fundi wa pili kasema kabureta. Shemeji yangu, ambaye hana hata baiskeli, kasema oili haitoshi. Nani mkweli?

#2 KimyaKimya

Fundi wa tatu atakwambia uza. Yeye ndiye mnunuzi.

#3 Gerezani Mpaka Asubuhi

Shemeji yako yuko sahihi. Hapa Dar bajaji za mwanzo zilikuwa tu-stroki kama vespa yako, oili unaichanganya kwenye petroli, nimezifungua mpaka mikono ikanuka. Ikikaza ni oili tu, hakuna hadithi nyingine. Tia mililita 50 kwa kila lita ya petroli, utakuja kunishukuru.

#4 Injinia Mchele

Mkuu wa #3, hiyo ni asilimia 5. Kipimo hicho ni cha vespa za miaka ya 1950. PX ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa lita tano. Imeandikwa kwenye kitabu chake.

Na kuna kitu watu wengi hawakifikirii. Kabureta inapima ujazo wa kinachopita kwenye jeti, kile kitundu chake chembamba, haijui hiki ni petroli au oili. Ukizidisha oili, petroli ndani ya kila tone inapungua. Kwa hiyo unadhani unamnywesha dawa, kumbe unampunguzia chakula. Injini inazidi kwenda kavu, plagi inachafuka, ekzosi inaziba.

#5 Gerezani Mpaka Asubuhi

Kitabu kimeandikwa Italia kwenye ubaridi. Njoo Buguruni saa saba mchana na abiria watatu.

#6 Babu Ringi

Kijana, pole kwa kuserereka. Kuanzia leo ukiwa kwenye tu-stroki vidole viwili visitoke kwenye klachi. Ulibana upesi, ndiyo maana unaandika hapa.

Mimi vespa nimezianza zile za magurudumu ya inchi 8, mpaka leo nipo nazo Mwanakwerekwe. Sikiliza.

Tu-stroki haina valvu za juu kama pikipiki za sasa. Mchanganyiko wa petroli na hewa unavutwa kwanza chini, kwenye kasha la krenki. Pistoni ikishuka inausukuma, unapanda silinda kwa njia za pembeni. Maana yake kasha lile lazima libane hewa kama chupa iliyofungwa. Krenki inapotokea nje ya kasha kuna sili mbili, moja upande wa magneti, moja upande wa klachi. Mpira uliokaa miaka 11 bila kuguswa na oili umekuwa kigae. Asubuhi unabana. Chuma kikipata moto, unaachia.

Ya magneti ikivuja inavuta hewa tupu. Petroli ni ile ile, hewa imezidi, injini inakimbia yenyewe. Inapata moto kupita kiasi na mwisho wake ni kunoki, yaani kukaza. Hiyo ndiyo hadithi yako neno kwa neno.

Ya klachi ikivuja inavuta oili ya gia. Hapo utaona moshi mweupe mzito, plagi inalowa, na ile oili ya gia, SAE 30 mililita 250, ukiimwaga unakuta nusu imekwenda.

Nifanyie mambo mawili. Ikianza kupanda, vuta choki kidogo. Ikishuka ikatulia, inavuta hewa mahali. Pili, ikiwa inapanda vivyo hivyo, bana klachi, zima, toa plagi hapo hapo barabarani uiangalie rangi. Usiende nayo nyumbani kwanza. Halafu rudi hapa. Usibadilishe kitu chochote kabla ya kuniambia.

#7 MjiWaKale001

Mombasa hapa. Bro, mbona unateseka na 150? Weka kit ya DR 177. Ni silinda ya chuma, pistoni milimita 63, inaingia kwa injini hiyo hiyo ya PX bila kupanua kasha. Jeti kuu upandishe, ekzosi ya kubana kidogo, utaacha nduthi zote nyuma mpaka Nyali.

#8 Babu Ringi

Injini inavuja hewa, wewe unataka kuiongeza nguvu. Mtu ana homa unampeleka mbio za marathoni.

#9 Kijana wa Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya leo barabara ya Fumba.

Choki: nikivuta inashuka, inatulia vizuri kabisa kama asubuhi. Nikiachia, inapanda tena.

Plagi: nyeupe. Porselini nyeupe kama chaki, na ule ukingo wa chuma una vitone vidogo vinavyong'aa.

Moshi hakuna wa kutisha. Oili ya gia nimemwaga nikapima kwa chupa ya maji, imetoka karibu yote. Ila ina harufu ya petroli.

#10 Babu Ringi

Marahaba. Sili ya magneti. Funga mjadala.

#11 Mama Plagi

Usifunge mjadala, mzee wangu, shikamoo.

Mimi natokea Wete, naendesha PX kwenda kufundisha mwaka wa tisa huu. Yangu ilifanya hayo hayo, choki inaituliza, plagi chaki. Nikabadilishiwa sili ya magneti. Wiki moja, ikarudi pale pale. Kumbe ni kabureta.

Kabureta ya PX, ile SI 20/20, haikukaa kwenye bomba kama za pikipiki nyingine. Inalala bapa juu ya kasha, imekandamizwa na bolti mbili ndefu. Mafundi wetu wakiona inavuja wanakaza. Inavuja tena, wanakaza tena. Mwili wake ni wa aloi laini, unapinda kati kama ubao wa mnazi juani. Baridi inabana, ikipata moto inafungua mlango upande mmoja.

Nilichofanya: nikachukua kipande cha kioo cha dirisha, msasa laini juu yake, tone la oili, nikaisugua kabureta kwa mizunguko ya nane. Baada ya dakika tatu ukiigeuza unaona, pembeni imeng'aa, katikati bado nyeusi. Hapo ndipo ilipopinda. Nikaendelea mpaka ikang'aa sare. Gasketi mpya, bolti nikakaza kwa kiasi. Huu ni mwaka wa nne.

Halafu kaka, umesema kabureta "imesafishwa". Imesafishwa na nini?

#12 Kijana wa Mkunazini

Dada, fundi aliingiza waya wa brashi ya chuma kwenye zile jeti.

#13 Mama Plagi

Ya Rabi.

Jeti ni shaba. Namba 100 ni namba ya tundu, si ya mapambo. Ukikwangua kwa waya wa chuma si 100 tena, ni Mungu tu anajua ngapi. Zinasafishwa kwa kupuliza, na pakikwama, uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia.

#14 Injinia Mchele

Lakini dada, tundu likipanuka petroli inazidi. Plagi ingekuwa nyeusi, yake ni nyeupe. Kwa hiyo hilo la waya ni kosa, ila si jibu.

#15 Mama Plagi

Ameingiza waya kwenye jeti gani? Jeti ya sailensa, 48/160, ina tundu la petroli na tundu la hewa. Ukipanua la hewa inakwenda kavu. Tuanze hapo.

#16 Injinia Mchele

Hapo nimeshindwa. Samahani.

#17 KimyaKimya

Mwalimu kapiga mtu fimbo usiku huu.

#18 Muskati Zenji

Nawasoma kutoka Muscat, joto limetufungia ndani. Naona watu wote wamelipita lile neno la harufu ya petroli kwenye oili ya gia.

Sili ya klachi haivuji kwa njia moja tu. Pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma. Mpira ukishakuwa mgumu, unaweza kupitisha mchanganyiko kwenda kwenye gia wakati wa kusukuma hata kama kuvuta oili ni kidogo. Ndiyo maana oili haijapungua lakini inanuka. Mimi ningetazama upande huo kabla ya magneti.

Ubaya wake ni huu: ya magneti unaibadilisha kwa nje, unavua flaiwili, lile gurudumu zito la magneti, kwa pula, unatoa sahani ya koili, unaing'oa. Ya klachi imekaa ndani, bila kupasua kasha lote vipande viwili huipati. Na ukishapasua, badilisha beringi na krosi ya gia humo humo, usije ukalia mwezi ujao. Nikirudi Unguja huwa natia sili za Corteco ndani ya soksi kwenye begi, mtu akihitaji aseme mapema.

#19 Babu Ringi

Muskati, petroli hufika kwenye gia pia sindano ya floti ikivuja wakati vespa imesimama na bomba la tanki liko wazi. Inashuka kwenye krenki usiku kucha, inatafuta njia. Kijana, huwa unafunga petroli ukiiegesha?

#20 Kijana wa Mkunazini

...

Sasa nitafunga.

#21 Nyigu Mzee

Mie nilibadilisha sili mbili bure, kwa hiyo naandika kwa uchungu.

Yangu ilikuwa inakwenda mpaka karibu na Chwaka, inakata. Nasubiri robo saa, inawaka. Fundi kasema sili, tukapasua. Ikaendelea. Kasema kondensa, nikamwambia hii ina kisanduku cha CDI cha kutoa cheche, haina kondensa wala poinzi, akanyamaza kidogo halafu akasema "basi ni petroli ya siku hizi".

Siku moja nikavua flaiwili mwenyewe. Zile waya tatu zinazotoka kwenye sahani ya koili, nyekundu, nyeupe na kijani, plastiki yake imekauka inadondoka kama maganda ya kitunguu. Vespa za P, ukoo wa PX, za miaka ya mwanzo ndio ugonjwa wao huo. Baridi ziko mbali mbali, zikipata moto zinagusana. Pima kwa mita kati ya nyekundu na nyeupe, iwe karibu omu 110. Kati ya kijani na nyeupe karibu 500. Ikiwa asubuhi ni hivyo na mchana ni kitu kingine, umepata mchawi wako.

#22 Injinia Mchele

Waya zikigusana inakata moto au inamisi. Haipandi.

#23 Nyigu Mzee

Sijasema inapanda. Nimesema asipasue injini kabla ya kuangalia waya.

#24 KimyaKimya

Swali la nje ya mada. Jina Nyigu umelitoa wapi? Na kwa nini injini wameiweka upande mmoja, mtu ukiendesha kama umebeba ndoo mkono wa kulia?

#25 Nyigu Mzee

Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, yakhe. Ya kwanza ilitoka 1946, kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, kilikuwa cha ndege kabla ya vita. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda: mnyororo unachafua suruali, tairi likipasuka barabarani ni mateso. Ndiyo maana vespa haina mnyororo, na gurudumu limeshikwa upande mmoja kama la ndege, unalitoa kwa nati chache na kuweka la akiba. Injini kulia, tairi la akiba kushoto, ndoo mbili.

#26 Gerezani Mpaka Asubuhi

Asante kwa historia, sasa turudi kwenye oili.

#27 Injinia Mchele

Kijana, maswali mawili.

Moja: namba ya chasi inaanzaje? Ya Piaggio 150 ya P inaanza na VLX1T, injini yake VLX1M. Nauliza kwa sababu vespa nyingi za Unguja ni ndoa za mitara: bodi ya Piaggio, injini ya LML ya India, uma wa mbele wa Bajaj Chetak.

Mbili: ukitoa kabureta, chungulia kwenye lile shimo huku mtu akikanyaga kiki taratibu, plagi ikiwa nje. Ukiona bapa la krenki linapita na kufunga shimo, basi krenki yenyewe ndiyo valvu. Ukiona vijani vyembamba vya chuma vimefunga njia, hiyo ni LML ya vijani, na jeti zake haziwi zile zile.

#28 Kijana wa Mkunazini

Chasi VLX1T. Injini VLX1M. Ami alikuwa hapendi mitara.

Nimechungulia kwa tochi. Ni krenki. Ila pale inapopita, ule ukingo wa kasha, kuna mkwaruzo. Mmoja mrefu, ukipitisha ukucha unakwama. Na kuna punje punje kama mchanga mle pembeni.

Kabureta nimeiweka juu ya kioo kama alivyosema dada. Imepinda! Kati nyeusi, pembeni inang'aa. Nimesugua nimemaliza.

#29 Babu Ringi

Kijana, nilisema usibadilishe kitu.

Mkwaruzo huo si wa leo. Ami yako alikuwa akiendesha bila chujio la hewa, sivyo? Watu wa pwani wanalitoa wakidhani linabana pumzi. Mchanga unaingia, unakwama kati ya krenki na kasha, unachora. Pale panatakiwa nafasi ndogo kuliko unene wa karatasi. Pakishachorwa, pumzi inarudi nyuma kwenye kabureta, kiki zinakuwa nyingi asubuhi, sailensa inayumba.

#30 Mama Plagi

Lakini yake asubuhi inawaka kwa kiki mbili na sailensa imetulia. Kwa hiyo mkwaruzo upo ila haujafikia kuua.

#31 Babu Ringi

Hapo mwalimu amenishinda. Endelea.

#32 Fundi Bati

Mimi ni wa kuchomelea, injini siwezi kusema. Ila nimeona "tanki limeoshwa". Mliosha kwa kitu gani? Tanki la miaka 11 kwenye hewa ya chumvi lina magamba ya kutu ndani. Mimi natia kokoto na siki, nalitikisa mpaka mikono inakufa, siku tatu, halafu maji ya magadi, halafu petroli ya kusuuza. Wengine wanatia sabuni wanamwaga wanasema tayari. Magamba yanakwenda kujaza kichujio cha bomba, petroli inashuka kidogo kidogo. Polepole inatosha, ukivuta mwendo mrefu haitoshi. Na kifuniko cha tanki kina kitundu cha kupumulia, kikizibwa na rangi, tanki linanyonga. Siku nyingine ikianza, fungua kifuniko usikie kama inavuta pumzi.

Na hiyo sakafu wameacha vile vitundu vya kutolea maji? Wakivifunika, masika mbili tu utanitafuta.

#33 Kijana wa Mkunazini

Tanki lilioshwa kwa sabuni. Vitundu vimefunikwa. Nimekaa chini.

#34 Mashine Nzito

Ngoja. Mbona kila mtu anazungumzia sailensa, hakuna anayezungumzia kukaza? Kijana, silinda ilichongwa lini, na mpaka inakaza Jozani ilikuwa imetembea kilomita ngapi?

#35 Kijana wa Mkunazini

Ilichongwa wiki iliyopita. Kilomita kama 60.

#36 Mashine Nzito

Kilomita 60, pistoni mpya, ukaenda Makunduchi mafuta wazi. Hata ingekuwa na sili za dhahabu ingekaza. Mimi nipo kwenye karakana ya kukereza. Pistoni ni aluminiamu, silinda ni chuma, pistoni inavimba haraka zaidi. Fundi akichonga kwa kubana ili "ipate komprensheni nzuri", nafasi ya kuvimba haipo. Na kingo za madirisha ya silinda baada ya kuchonga lazima zilainishwe kwa mkono, la sivyo zinakwangua ringi. Kilomita 500 za kwanza ni za kubembeleza: mafuta nusu, simama, acha ipoe, nenda tena.

Kwa hiyo haya ni magonjwa mawili tofauti. Mnatafuta mchawi mmoja.

#37 Babu Ringi

Na hewa ikivuja injini inakuwa ya moto, ikiwa ya moto pistoni inavimba. Ni ugonjwa mmoja wenye mikono miwili.

#38 Gerezani Mpaka Asubuhi

Na oili ingekuwa 50 kwa lita isingekwangua.

#39 Injinia Mchele

Kuna njia ya kumaliza ubishi bila kupasua wala kubahatisha. Pima mgandamizo wa kasha. Toa ekzosi, ziba tundu lake. Toa kabureta, ziba shimo lake. Plagi ibaki imefungwa. Pitisha hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, isizidi robo tatu ya ile ya mpira wa miguu, ukizidisha utang'oa sili nzima. Paka maji ya sabuni kila pembe. Sindano ya geji ikishuka, tafuta povu. Upande wa klachi hutaona povu, sikiliza kwenye tundu la kutilia oili ya gia, litapuliza.

#40 Kijana wa Mkunazini

Nizibe na nini?

#41 Mama Plagi

Kandambili. Kata soli, weka kwenye mdomo wa ekzosi, kandamiza kwa bati na zile bolti. Kwenye kabureta, mpira wa ndani wa tairi na kipande cha ubao juu.

#42 KimyaKimya

Naona kesho kuna mtu atakwenda msikitini na kandambili moja.

#43 Kijana wa Mkunazini

Nimepima jana jioni na mdogo wangu. Kandambili ni ya kwake, ananinunia.

Hewa inashuka, polepole lakini inashuka. Povu nimeliona sehemu mbili. Moja pale kwenye ubao wa kabureta, pembeni ya mpira. Ya pili nyuma ya flaiwili, povu dogo dogo kama la samaki aliyetolewa majini, linatoka, linasita, linatoka. Kwenye tundu la gia nimesikiliza, mdogo wangu anasema linapuliza, mimi nasikia adhana.

#44 Babu Ringi

Povu nyuma ya flaiwili. Sili ya magneti. Nilisema post ya sita.

#45 Mama Plagi

Povu kwenye kabureta. Nilisema ya kumi na moja.

#46 Injinia Mchele

Lile la kabureta ni la ubao wako, si la kabureta, kwa sababu kabureta haikuwepo. Halihesabiki.

#47 Muskati Zenji

Na mdogo wake kasikia upepo kwenye gia. Vijana masikio yao mazima.

#48 Mashine Nzito

Pima silinda.

#49 Babu Ringi

Kijana, sasa sikiliza kwa makini. Badilisha sili ya magneti peke yake. Kabla ya kutoa sahani ya koili, chora alama kwa msumari kwenye sahani na kwenye kasha, irudi pale pale, timingi (wakati wa cheche) isihame. Halafu endesha siku tatu. Usiguse kabureta, usiguse tanki, usiguse kitu. Ikipona, tunajua. Isipopona, tunajua.

#50 Kijana wa Mkunazini

Sawa mzee wangu. Nimekuelewa.

#51 KimyaKimya

Siku tano kimya. Imemkaza au imemkimbia?

#52 Kijana wa Mkunazini

Nipo wakuu. Samahani, nilikuwa barabarani!

Imepona. Nimekwenda Bububu, nimekwenda Fumba, leo nimetoka Mwera. Nikifunga mafuta inashuka, tuk tuk tuk tuk, naweza kuhesabu. Plagi rangi ya kahawa ya maziwa.

#53 Babu Ringi

Alhamdulillahi. Sili ya magneti.

#54 Kijana wa Mkunazini

Mzee wangu, ndiyo hapo. Fundi alibadilisha sili. Ila nilipokwenda kuichukua nikakuta amefunga pia kabureta niliyoisugua, na jeti ya sailensa mpya "kwa sababu alikuwa nayo". Kichujio cha bomba la petroli amekitoa, kilikuwa kimejaa magamba, akatia kipya. Ekzosi aliichoma kwa moto wa vifuu siku nzima, ametoa masizi ya kujaza kikombe. Na akaniambia nitie oili kidogo zaidi kwa tahadhari, basi natia mililita 30 kwa lita.

#55 Gerezani Mpaka Asubuhi

OILI.

#56 Mama Plagi

Kabureta iliyosuguliwa na jeti mpya. Haya.

#57 Fundi Bati

Magamba ya tanki. Sisemi sana.

#58 Mashine Nzito

Na sasa ina kilomita ngapi? Imeshalainika, ndiyo maana.

#59 Babu Ringi

Nimeweka simu chini, nimekwenda kunywa kahawa, nimerudi, bado nina hasira. Ile sili ya zamani iko wapi? Ilikuwaje? Ngumu, imepasuka, mdomo umelika?

#60 Kijana wa Mkunazini

Ninayo hapa kwenye meza. Nikiibonyeza inabonyea. Mdomo wake mzima, naona ni laini tu. Haionekani kama imekufa.

Kitu kingine, ile alama ya msumari. Nimevua kifuniko cha feni na flaiwili nikachungulia. Mkwaruzo wa kasha na mkwaruzo wa sahani haukutani. Umehama kama milimita mbili, kuelekea anakozunguka flaiwili.

#61 Injinia Mchele

Basi amechelewesha cheche! Sahani ikifuata mzunguko, moto unachelewa. Ya CDI ni nyuzi 18 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na kama mwanzo ilikuwa mbele kuliko hapo, injini ilikuwa ikipata moto kupita kiasi na sailensa ikipanda kwa sababu hiyo tu. Hakuna aliyeishuku timingi kwenye uzi mzima!

#62 Nyigu Mzee

Mie nilisema vua flaiwili uangalie.

#63 Injinia Mchele

Ulisema waya.

#64 Nyigu Mzee

Waya ziko wapi? Nyuma ya flaiwili.

#65 Muskati Zenji

Kijana, oili ya gia mpya uliyotia, hebu inuse.

#66 Kijana wa Mkunazini

Nimenusa.

Petroli.

#67 Muskati Zenji

Nakuja tarehe kumi. Sili ya klachi natia kwenye soksi.

#68 MjiWaKale001

Kwa vile mnapasua kasha, bei ya ile kit ya 177 niwatumie?

#69 Mdogo wa Kijana

Nimejiunga leo ili kuuliza, kandambili yangu nani analipa?